Mteremko wa Misungwi na Umma wa Ardhini

Msafiri atokaye Mwanza kwa barabara ya kusini, akisha kuipita njia panda ya Usagara, huingia katika nchi ya Misungwi ambayo umbo lake hujirudia maili baada ya maili bila ya kuchosha macho: juu, majabali ya itale yaliyopandana, mengine makubwa kuliko nyumba, chini yake, mashamba ya mchanga unaopitisha maji upesi, chini zaidi, ukanda wa udongo mgumu wa kijivu, na mwisho kabisa, bondeni, mbuga nyeusi iliyo tope wakati wa masika na yenye nyufa za kumeza mguu wa mbuzi wakati wa kiangazi. John Hanning Speke alipoivuka nchi ya Wasukuma mwaka 1858 akilitafuta ziwa, ambalo alilitazama tarehe 3 Agosti kutoka kilima kilicho karibu na Mwanza, aliyaona majabali, mashamba na makundi ya ng'ombe, akayaandika; na wote waliomfuata, Wamisionari, Wadachi na Waingereza, waliandika vile vile juu ya watu, watemi, mifugo, pamba na mbung'o. Kuna umma mmoja, hata hivyo, mkubwa kwa hesabu kuliko mataifa yote ya wanadamu, uliokuwamo katika mteremko huu kabla ya wote hao, na ambao haukupata karani: viumbe wadogo wa udongoni, bakteria na kuvu na jamaa zao, ambao gramu moja tu ya udongo wa shamba aghalabu huwa na mamia ya mamilioni yao. Habari zao ndizo nitakazozisimulia hapa, kadiri ziwezavyo kusimuliwa habari za wasioonekana, yaani kwa kufuata nyayo za mvua, za miti, na za watu waliowalisha au waliowanyima chakula.

Wasukuma wenyewe waliugawa mteremko huu kwa majina zamani sana, na kila jina lilikuwa hukumu juu ya kazi ambayo ardhi ile iliweza kuifanya. Luseni ni mchanga wa juu, chini ya majabali, mwepesi kwa jembe na mwepesi wa kuchoka, ambao hupokea mihogo, viazi vitamu, karanga na njugu mawe, na baadaye ukapokea pamba. Kikungu ni udongo mwekundu wenye nguvu zaidi. Itogolo ni ardhi ya kijivu yenye tabaka gumu chini yake, ambayo maji hutuama juu yake. Ibambasi ni ngumu kuipita itogolo, na mara nyingi huachiwa mifugo. Ibushi ina chokaa. Na mbuga ni ule mfinyanzi mweusi wa bondeni. Mtu aliyegawiwa ardhi na mwanangwa wa kijiji kwa niaba ya mtemi alijua, kabla ya kupiga jembe la kwanza, ni zao gani litakubali na litakubali kwa muda gani, na akipata sehemu katika aina mbili au tatu alijihesabu mwenye bahati, maana mwaka wa mvua nyingi uliozamisha bonde uliweza kuuneemesha mchanga, na mwaka wa mvua haba ulimrudisha mtu bondeni.

Ilmu ya wenyeji ndiyo aliyoikuta Geoffrey Milne, mkemia wa udongo wa kituo cha Amani huko Usambara, kituo ambacho Wadachi walikianzisha mwaka 1902 na Waingereza wakakirithi. Baina ya Desemba 1935 na Februari 1936 bwana huyo alisafiri katika sehemu nyingi za Tanganyika akichimba mashimo na kutazama tabaka za udongo, na ripoti ya safari ile ilichapwa mwaka 1947, miaka mitano baada ya kufa kwake. Wazo lake kubwa, ambalo alikuwa amekwisha kulitangaza mwaka 1935, ni kwamba udongo wa kilimani, wa mteremkoni na wa bondeni si udongo mbalimbali uliokaa jirani kwa sadfa, bali ni mnyororo mmoja ulioungwa na maji yanayoshuka, na hivyo ramani isiyoonyesha mteremko haionyeshi kitu. Vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani hufundisha jambo hilo hadi leo. Nasikitika kwamba mwanafunzi wa Misungwi, ambaye huupanda na kuushuka mnyororo huo kila asubuhi akienda shule, aghalabu humaliza masomo yake bila ya kuambiwa kuwa kanuni hiyo imetokana na ardhi za Afrika ya Mashariki.

Milne alitafuta mchanga, chokaa na chumvi, wala hakuhesabu bakteria. Lakini mnyororo wake ndio hasa unaougawa umma wa ardhini katika makabila. Mvua ni moja, ilhali maji si mamoja: katika luseni maji hupita na hewa hubaki, viumbe wapendao hewa wakafanya kazi upesi wakala mabaki ya majani hata yakaisha, katika mbuga maji hukaa na hewa hukimbia, wakastawi wale ambao huishi bila hewa, na kazi yao ikawa ya polepole. Chembe za mfinyanzi nazo hukumbatia mabaki yaliyooza zikayaficha yasiliwe, kazi ambayo mchanga hauiwezi. Hiyo ndiyo sababu mbuga imekuwa na akiba, na luseni ikaishi kwa kile inacholetewa mwaka hata mwaka.

Baada ya mteremko, mwenye amri ni mvua. Katika nchi za baridi umma wa ardhini huongozwa na joto: hulala wakati wa theluji, ukaamka wakati wa kuchipua. Misungwi iko karibu mno na ikweta hata joto halibadiliki sana baina ya mwezi na mwezi, kwa hiyo kalenda yote imeachiwa maji. Mvua huanza Oktoba au Novemba, hupungua aghalabu katikati ya msimu, hurudi kwa nguvu mwezi wa Machi, na Mei ikiisha nchi hukauka hata Septemba. Katika miezi hiyo mikavu utando wa maji unaozunguka kila chembe ya udongo huwa mwembamba kupita kiasi. Bakteria wengi hufa, wengine hujifunga katika mbegu ngumu, na wengine hujaza miili yao maji mazito ya sukari na chumvi ili wasikauke. Kuvu, ambayo ina nyuzi ndefu za kutafuta unyevu mbali, hustahimili zaidi. Na wakati huo ambapo viumbe wadogo wamelala, mchwa huwa macho: hukusanya majani na vijiti, huvitia ndani ya vichuguu ambamo kuna unyevu wa kutosha, na humo hulima kuvu yao wenyewe katika giza. Uyoga mkubwa unaotokea juu ya kichuguu wakati wa mvua, ambao watoto hukimbilia kuung'oa kwa ajili ya mboga, ni zao la shamba hilo la mchwa.

Kisha mvua ya kwanza hushuka. Jambo linalotokea udongoni katika saa chache za mwanzo lilichunguzwa na H. F. Birch katika miaka ya 1950, katika taasisi ya utafiti wa kilimo na misitu ya Afrika Mashariki iliyokuwa Muguga, karibu na Nairobi, ambayo ilirithi kazi ya Amani. Bwana Birch aliukausha udongo, akautia maji, akapima hewa ya ukaa inayotoka. Akaona kwamba udongo uliokauka na kisha kuloweshwa hupumua kwa nguvu ya ajabu, halafu hutulia, na ukikaushwa na kuloweshwa tena hupumua tena, na kwamba kadiri udongo ulivyokuwa na mabaki mengi na kadiri ulivyokaa mkavu kwa muda mrefu, ndivyo pumzi hiyo ilivyozidi. Wafu wa kiangazi wamekuwa chakula cha walionusurika, na mabaki yaliyokuwa yamefichwa yamefunguliwa na maji. Katika karamu hiyo naitrojeni iliyokuwa imefungwa hutolewa ikawa tayari kwa mizizi. Wataalamu wa ulimwengu mzima sasa huliita jambo hilo kwa jina la Birch.

Wazee walilijua kwa upande wa faida yake. Aliyepanda kwa mvua za kwanza alivuna, na aliyechelewa kwa majuma machache, hata kama alipata mvua ile ile baadaye, alivuna pungufu; maafisa wa kilimo wa Jimbo la Ziwa walihimiza jambo hilo hilo. Kuna sababu nyingine za kupanda mapema, lakini mojawapo ni hiyo: neema ya naitrojeni hutoka kwa mkupuo, na katika luseni hushuka upesi pamoja na maji ya mvua za pili na tatu, ikapita chini ya mizizi, na aliyekuwa bado akitayarisha jembe hakuikuta. Hata ile harufu tamu inayopanda kutoka ardhini mawingu yanapoanza kudondosha, ambayo kila mtu wa kanda hii anaijua, kwa sehemu kubwa ni kazi ya umma huo: hutokana na kitu kinachotengenezwa na bakteria wenye nyuzi, jamii ile ile ya udongoni iliyompa Selman Waksman na wanafunzi wake, huko Marekani mwaka 1943, dawa ya streptomaisini ambayo iliwaponya wagonjwa wa kifua kikuu.

Mvua basi huamua lini umma wa ardhini utakula; mimea huamua utakula nini. Upande wa magharibi wa ghuba ya Mwanza, kuelekea Geita, na kusini kuelekea Unyamwezi, nchi ilikuwa na miombo: mitundu, miyombo na jamaa zao. Miti hiyo mingi ni ya ukoo wa mikunde, na mtu angeitazamia ifanye kama maharage, yaani iwe na vifundo mizizini. Peter Högberg, Mswidi aliyeichunguza mizizi ya miti ya Tanzania na kuandika mwaka 1982, alionyesha kuwa sivyo: mitundu na wenzake hawana vifundo, bali wamefunga ndoa na kuvu, ambayo huivika ncha za mizizi yao kama kofia na kuitafutia fosforasi na naitrojeni katika udongo maskini, na malipo yake ni sukari kutoka majanini. Migunga kwa upande wake, miti ya nchi kavu zaidi ya mashariki na kusini, hukaribisha bakteria katika vifundo, nao huikamata naitrojeni kutoka hewani. Kwa hiyo pori la miombo na pori la migunga, ingawa mgeni huyaita yote mawili pori, yalikuwa chini ya ardhi falme mbili zenye sheria mbalimbali. Mwenye kutaka ushahidi wa macho atazame uyoga: aina nyingi zinazookotwa katika miombo, zikiwemo zile za rangi ya manjano zinazouzwa barabarani, ni matunda ya kuvu iliyounganika na mizizi, na miti ikikatwa, uyoga huo hauoti tena, hata mvua inyeshe vipi. Ule wa kichuguu hubaki.

Na miti ilikatwa. Sababu ya kwanza ilikuwa mbung'o. Katika miaka ya 1920 C. F. M. Swynnerton aliyefanya makao yake Shinyanga aliongoza, pamoja na watemi, kazi kubwa ya kufyeka mapori yaliyomhifadhi inzi huyo aletaye malale na nagana. Maelfu ya watu waliitwa kila mwaka wakati wa kiangazi, wakatoka na mashoka yao. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt, lakini kazi iliendelea. Sababu ya pili ilikuwa pamba, iliyoletwa wakati wa Wadachi na kukuzwa na Waingereza, na ya tatu ilikuwa watu na ng'ombe wenyewe, ambao waliongezeka kila mahali inzi alipokimbia. Ofisa wa kilimo N. V. Rounce alipotoa kitabu chake mwaka 1949 juu ya kilimo cha nchi hizi, aliziita nyika za kilimo, na jina hilo lilikuwa la kweli: kutoka jabali hadi jabali mtu aliona mashamba, malisho na anga. Simlaumu aliyefyeka kwa ajili ya uhai wa mifugo na watoto wake. Lakini katika hesabu za serikali, ambamo ekari zilizofyekwa ziliandikwa upande wa faida, hapakuwa na safu ya kuandika kwamba falme mbili za ardhini zilikuwa zimeondolewa, na badala yake umewekwa umma mwingine, ule wa nyasi na wa mashamba yaliyo wazi, unaokula haraka na kuweka akiba kidogo.

Katikati ya habari hizi ndipo kiliposimama Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mapema katika miaka ya 1930 na ambacho leo kimo wilayani Misungwi, takriban maili 18 kutoka mji wa Mwanza. Wengi wanakijua kwa mbegu zake za pamba, ambazo zimebeba herufi UK mpaka leo, na kwa hakika ndizo zilizojenga Jimbo la Ziwa, vyama vya ushirika vya Paul Bomani na wenzake, na nyumba nyingi za bati. Lakini ukiisoma historia ya Ukiriguru kwa jicho la mada yetu, utaona kwamba kwa miaka mingi kituo hicho kilikuwa kikipigana na kushirikiana na viumbe wa ardhini, hata pale ambapo hakikuwataja. Sheria iliyomwamuru mkulima ang'oe miti ya pamba baada ya mavuno na kuichoma, ambayo wakulima waliiona kuwa udhia mtupu, ilikuwa na shabaha ya kukata njia ya wadudu na ya ugonjwa wa baka la bakteria, ambao huvuka kiangazi katika mabaki makavu ukingoja mvua. Kiangazi kirefu kilisaidia, na moto ulisaidia. Na hasara yake ni kwamba majani na vijiti ambavyo vingewalisha viumbe wema viligeuka majivu pamoja na wale wabaya.

Mwaka 1954 alitokea adui mwingine ambaye moto haukumtosha. Katika mashamba ya kanda ya ziwa pamba ilianza kunyauka kutoka upande mmoja wa jani, na shina lilipopasuliwa mishipa yake ilionekana ya kahawia. Ulikuwa mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu ya udongoni, ambayo hukaa ardhini miaka mingi bila ya pamba na husafiri ndani ya mbegu. Ulishika zaidi katika mchanga, kwa sababu katika mchanga minyoo fundo hutembea kwa urahisi, hutoboa mizizi na kuifungulia kuvu mlango. Hapa mteremko wa Milne, hali ya hewa na mmea mmoja uliopandwa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka vilikutana: luseni ilimpa mnyoo njia, pamba iliipa kuvu chakula, na mvua iliwaamsha wote wawili. Ukiriguru ilijibu kwa kuchunga mbegu zisitoke katika maeneo yenye ugonjwa, na kwa kuzalisha aina zenye kustahimili, kazi ambayo haijapata kwisha.

Upande wa ushirikiano, jambo la kupendeza kuliko yote ni samadi. J. E. Peat na K. J. Brown walichapisha mwaka 1962 matokeo ya majaribio marefu ya Ukiriguru, na humo ilidhihirika kwamba shamba lililotiwa samadi mara moja liliendelea kuzaa pamba zaidi kwa misimu mingi baadaye, wakati ambapo mtu angedhani mbolea imekwisha zamani. Samadi ya Usukuma haina sura ya kuvutia. Huchimbwa zizini mwishoni mwa kiangazi, kavu, ya kijivu, iliyochanganyika na mchanga wa kwato, ikitimua vumbi linalokereketa koo, na nusu yake ni udongo. Lakini ndani yake kuna malisho ya mbuga na ya itogolo yaliyoliwa mchana na kushushwa usiku jirani na nyumba. Kazi ambayo bakteria wa tumboni mwa ng'ombe waliianza, wale wa luseni huimaliza, na katika mchanga usio na kitu kingine cha kushika maji na madini, mabaki hayo ndiyo nyumba yao na ghala lao.

Lau mtu angetaka kuona desturi hiyo ikifikishwa kwenye kilele chake, angepanda jahazi hadi kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe. Wakara, waliobanwa na maji pande zote na wingi wao wenyewe, waliufanya mchanga wa itale, ulio ndugu wa luseni ya Misungwi, ulishe watu bila ya kupumzishwa: waliwafunga ng'ombe ndani ya nyumba, wakawaletea majani, wakakusanya samadi yote, na katika shamba la uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, ambao ulibaki baada ya mavuno ukakua, kisha ukafukiwa ardhini uoze. Thornton na Rounce waliyaeleza hayo mwaka 1936. Marejea, kwa vifundo vyake, huingiza naitrojeni kutoka hewani, na majani yake laini huliwa upesi na viumbe wa udongoni, mtama au uwele wa msimu ufuatao ukapata posho. Ni mfano bora ninaoujua wa watu walioutawala umma wa ardhini kwa kuchagua mmea wa kuulisha. Na Wakara hao hao, walipohamia bara ambako ardhi ilikuwa tele, waliuacha utaratibu huo, wakalima kama majirani zao. Jambo hilo liliwashangaza maafisa, ingawa sioni la kushangaza, kwa kuwa kazi ile ilikuwa nzito kupita kiasi, na hakuna mtu abebaye majani kichwani maili nyingi ikiwa anaweza kufungua shamba jipya.

Maafisa walijaribu kuifanya bara iwe Ukara kwa amri. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulianzishwa mwaka 1947, makao yake yakiwa Malya, na kwa njia ya serikali za watemi zikatolewa kanuni: matuta yafungwe kwa vizuizi ili maji ya mvua yasimame pale pale yaliponyesha, samadi itiwe shambani, mifugo ipunguzwe. Kwa upande wa ilmu nyingi ya kanuni hizo zilikuwa sahihi. Tuta lililofungwa katika luseni hurefusha siku za unyevu, na siku za unyevu ndizo siku za kazi za umma wa ardhini. Kwa upande wa utu zilikuwa mbaya, maana zilikuja na faini, na mkulima alitozwa kwa kutofanya jambo ambalo baba yake alilifanya au kuliacha kwa hiari yake. Chuki ilikua, TANU ilikatazwa kufanya kazi Usukuma tangu 1954 hata 1958, na mwaka huo wa 1958 Geita iliwaka kwa ghasia. Mpango ulikufa, na pamoja nao, kwa bahati mbaya, yakatupwa matuta yaliyofungwa katika mashamba mengi, si kwa sababu hayakufaa, bali kwa sababu yalinuka serikali.

Kulikuwa na desturi moja ambayo haikuhitaji faini ya mkoloni. Ngitili ni eneo la malisho ambalo ukoo au kijiji hulifunga tangu mvua zinapoanza, mifugo isiingie, nyasi na miti ikue, kisha hufunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe wazee. Aliyeingiza mifugo kwa wizi alishitakiwa mbele ya baraza la dagashida na kutozwa mchenya. Chini ya ngitili mizizi ya nyasi za kudumu huishi mwaka mzima, migunga huchipua kutoka visiki, majani huanguka na kubaki, na kivuli hupunguza ukali wa jua. Umma wa ardhini hupata chakula cha aina nyingi badala ya aina moja, na kiangazi hakiuui kwa kiasi kile kile. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ilipowakusanya watu penye barabara, ngitili nyingi ziliachwa mbali, hazina mlinzi, zikaliwa na wote. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kwa jina la jangwa, na mwaka 1986, kwa msukumo wa Mwalimu Nyerere, ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa jina la HASHI. Mwanzoni mradi ulipanda miche katika vitalu. Baadaye wataalamu wake walitanabahi kwamba wazee walikuwa na njia nafuu zaidi, wakairudishia heshima ngitili, na katika muda usiotimia miaka 20 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefungwa tena. Visiki na mizizi vilikuwa hai chini ya vumbi muda wote huo, na penye mzizi hai viumbe wake hawakosekani.

Lililobaki ni bonde, na ili kulielewa yatupasa kuanza mbali. Mwaka 2006 Noah Fierer na Robert Jackson, katika Marekani, walitangaza uchunguzi wa udongo wa mahali 98 katika Amerika ya Kaskazini na ya Kusini, uliofanywa kwa kusoma vinasaba, nao ulipindua matarajio ya wengi: wingi wa aina za bakteria haukufuata joto wala ukaribu wa ikweta, bali ulifuata uchachu wa udongo, na udongo mchachu wa msitu wa Amazoni ya Peru, penye miti ya kila namna, ulikuwa na aina chache kuliko mwingine wote. Kwa kipimo hicho itazamiwe kwamba mbuga ya Misungwi, ambayo hupokea chokaa na chumvi zinazoshuka kutoka juu na kwa hiyo si chachu, ina umma mchanganyiko kuliko mchanga uliofuliwa na mvua pale kilimani, ingawa mchanga ndio uliobeba miti mingi zamani. Mvua na mimea, kumbe, hufanya sehemu ya kazi yao kwa mkono wa tatu, kwa kuubadili udongo wenyewe polepole, karne hata karne.

Bondeni humo Wasukuma wamejenga majaruba, viwanja vya mpunga vyenye kingo za udongo, na mtu akiingia miguu mitupu mwezi wa Machi huona viputo vikipanda kutoka kila alipokanyaga: ni hewa ya methani, inayotengenezwa na viumbe ambao hewa yetu ni sumu kwao. Mvua zikiisha maji hukauka, nyufa huanza, hewa huingia, na wenye zamu nyingine hushika kazi. Hapo ndipo hupandwa dengu, zao ambalo halingoji mvua, bali huishi kwa unyevu uliobaki katika mfinyanzi, na ambalo katika miaka ya karibuni limekuwa fedha ya Misungwi na Kwimba pale pamba inapoangusha bei. Dengu ina bakteria wake mahususi, haikubali wa maharage wala wa karanga, na katika nchi nyingi ambako ni mgeni haifungi vifundo mpaka iletewe bakteria hao pamoja na mbegu. Martinus Beijerinck, Mholanzi, aliwatenga bakteria wa vifundo kwa mara ya kwanza mwaka 1888, miaka mitano baada ya Mapadri Weupe kuweka misheni yao Bukumbi, kando ya ghuba hii hii. Mkulima wa leo hahitaji maabara ya Beijerinck ili ajue hali ya shamba lake. Na achimbe mche mmoja kwa uangalifu wakati wa maua, asiung'oe, kwa kuwa vifundo hukatika. Auoshe katika ndoo, akipasue kifundo kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama, bakteria wanafanya kazi na mbolea ya naitrojeni ni fedha ya kutupa. Kikiwa cha kijani au cha kijivu, au kisipokuwapo kabisa, dengu inakula akiba ya mbuga.